Piga Windows, Lakini D Usiiguse



Chukua Biblia yako, au fungua ile iliyo kwenye simu, usome Mathayo 12:43-45 kabla ya kuendelea. Ni mistari mitatu tu. Yesu anazungumzia pepo mchafu aliyemtoka mtu. Pepo yule anazunguka huko jangwani, hapati pa kutulia, mwisho anaamua kurudi kwenye makazi yake ya zamani. Akifika anaikuta nyumba ni safi, imepangwa vizuri, lakini haina mtu. Anawafuata wenzake saba waliomzidi ubaya, wanahamia wote. Na hali ya yule mtu, anasema Yesu, inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ukiisoma haraka unaweza kushangaa. Kosa la mtu huyu ni lipi? Si alikuwa ameshafanya usafi? Mbona waliokuja mara ya pili ni wengi zaidi? Naomba leo tulitafutie jibu kwenye kazi ambayo wengi wenu mnaijua, au mmewahi kumlipa fundi awafanyie: kupiga Windows upya kwenye laptopu ya zamani.

Kwenye kikundi chetu cha vijana parokiani mimi ndiye ninayeletewa mashine. Misa ikiisha tu, mtu ananisogelea na begi. "Kaka, imekuwa nzito, ukiiwasha asubuhi inakuja kuwaka mchana." Malipo yangu ni soda, na wengine hata hiyo soda wanaikopa.

Kazi imeongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao laptopu nyingi za wanafunzi bado zinautumia. Nenda Kariakoo kwenye maduka ya laptopu zilizotumika, uulize HP EliteBook 840 G3. Ni mashine nzuri, ngumu, inavumilia vumbi na daladala. Lakini prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64 kwenye diski. Kwa hiyo mashine nzima kabisa, kioo kizima, kibodi haijapungua hata herufi moja, inaambiwa haifai tena. Dada mmoja wa mwaka wa tatu chuoni aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mgonjwa, kama laptopu yake imekufa. Ripoti yake ya mwisho ilikuwa humo ndani na hela ya kununua nyingine hana.

Haijakufa. Mashine ya namna hiyo ukiiwekea Linux Mint inafufuka. Ni mfumo wa bure, kihalali kabisa, unaridhika na RAM ya GB 4, na unakuja na programu za kuandikia na kupiga mahesabu humohumo. Ukiitoa diski ya zamani inayozunguka ukaweka SSD, ndiyo utadhani umenunua mpya.

Muuza duka atakwambia nunua nyingine, na simlaumu, ndiyo riziki yake. Mungu hafanyi hivyo. Soma Yeremia sura ya 18. Nabii alitumwa kwenye nyumba ya mfinyanzi, akakuta chombo kimeharibika mikononi mwa fundi wake. Mfinyanzi hakuutupa ule udongo akaenda kuchimba mwingine. Aliukanda uleule, akaanza upya kwa namna aliyoiona inafaa. Nakuandikia hivi kwa sababu najua wapo mnaosoma hapa mkiwa mmeshajikatia tamaa. "Mimi nimeenda mbali sana, kaka. Mimi wa Kanisa siyo tena." Geuza laptopu yako uangalie chini: kuna namba ya kiwandani. Piga Windows mara mia, weka Linux, badilisha diski, namba ile haibadiliki. Nawe siku ya ubatizo wako ulitiwa alama isiyofutika, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1272 inasema dhambi haiwezi kuifuta, hata kama dhambi inaweza kuzuia ubatizo usizae matunda yake ya wokovu. Ndiyo maana Kanisa halibatizi mtu mara mbili. Umechafuka, sawa. Lakini wewe ni wake.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Watu wengi hawapendi kupiga Windows. Wanapenda kufutafuta. Mashine ikiwa nzito anafuta filamu mbili, anafuta michezo, anaona amemaliza. Je, unajua faili likifutwa linaenda wapi? Kwanza linaenda kwenye pipa la takataka. Haya, umelimwaga na pipa. Bado. Hasa kwenye zile diski za zamani, kompyuta inachofanya ni kuliondoa jina la faili kwenye orodha yake na kutangaza kwamba ile nafasi iko wazi. Yaliyomo yenyewe yanabaki palepale mpaka siku yaandikwe mengine juu yake. Ndiyo maana kuna programu kama Recuva, zinaweza kukurudishia picha uliyodhani umeizika.

Ni hivyohivyo na sisi. Umefuta namba ya yule mtu, lakini kichwani unayo tarakimu zote kumi. Umeondoa programu ya kubeti siku ya Jumatatu, na Jumamosi mechi zikikaribia umeipakua tena, mkeka wa timu kumi na mbili. Umefuta picha chafu zote usiku mmoja ukiwa umechukia nafsi yako, ukaapa, na asubuhi ya tatu umerudi kulekule. Ulichofuta ni jina kwenye orodha. Nakupongeza kwa kuchukia dhambi, huo ni mwanzo na umetoka kwa Roho Mtakatifu. Lakini kujisafisha mwenyewe chumbani kwako ukiwa umefunga mlango hakujafika bado. Kristo ameweka Sakramenti ya Kitubio, na pale msamaha siyo wa kuondoa jina kwenye orodha. Nabii Mika, sura ya 7 mstari wa 19, anasema Mungu anazitupa dhambi zetu kwenye vilindi vya bahari. Mungu akisamehe hahifadhi nakala. Mbinguni hakuna Recuva.

Basi kijana anakubali: nitapiga Windows. Na hapa ndipo nataka tukae kwa muda.

Laptopu nyingi zinazouzwa huku kwetu diski yake imegawanywa vyumba viwili, C na D. C ndipo mfumo wenyewe unapokaa. D watu wanaweka mali zao: picha za harusi ya kaka, nyimbo za kwaya, notsi, filamu, na mengineyo. Fundi akija kupiga Windows, anafuta C na kuweka mfumo mpya hapo. D haiguswi. Kila mteja analijua hilo, na sentensi ya kwanza anayokwambia akikukabidhi mashine ni hiyo: piga Windows, lakini D usiiguse.

Kuna kijana mmoja, ambaye ameniruhusu niwasimulie bila kumtaja, aliniletea laptopu yenye hali mbaya kabisa. Ukiiwasha inafungua matangazo ya aibu yenyewe, flashi yoyote unayochomeka inageuka kuwa rundo la njia za mkato na mafolda halisi yamefichwa. Ule ugonjwa wa steshenari, mnaujua. Akanipa sharti lake la D. Nikamweleza kwamba programu zilizoambukizwa zinaweza kuwa zimekaa hukohuko D. Nikisafisha C peke yake, siku atakayobofya faili moja la D ugonjwa wote utarudi. Nikamwambia basi walau tuipitishie antivairasi, wala sitafungua folda hata moja. Akakataa. Sikumuuliza D kuna nini. Siyo kazi yangu, na mimi siyo padre.

Nikapiga Windows kwenye C kama alivyotaka. Mashine ikawa safi, inawaka kama umeme. Alifurahi mno. Wiki tatu baadaye akarudi nayo, ugonjwa uleule, matangazo yaleyale. Nikamweleza tena kwa nini. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Kaka, hivi ndivyo ninavyoungama."

Tangu kidato cha nne alikuwa na jambo moja ambalo hajawahi kulitamka mbele ya padre. Kila Kwaresima na kila Majilio anapanga foleni na wenzake, anataja uvivu wa sala, anataja hasira, anataja uongo mdogomdogo, anapewa malipizi, anatimiza. Analiruka lile moja. Miaka sita. Na kila mara anajiuliza kwa nini ungamo halimpi amani ambayo wenzake wanaisema, kwa nini wiki tatu baadaye yuko palepale.

Kijana mwenzangu, naomba unisikilize vizuri hapa, kwa sababu hili siyo mzaha wa kompyuta tena. Kanisa linatufundisha kwamba katika kitubio tunapaswa kutaja dhambi zote za mauti tunazozikumbuka baada ya kujichunguza kwa bidii, hata zile za siri kabisa ambazo hakuna aliyeziona (Katekisimu namba 1456). Mwenye kuficha dhambi ya mauti kwa makusudi, akijua anaificha, ungamo lake haliwi halali, na hata zile nyingine alizozitaja hazijaondolewa. Siyo kwamba C imepona na D inaumwa. Nyumba yote bado ni gonjwa. Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ulilieleza hili kwa mfano wa mgonjwa na mganga: mgonjwa akiona haya kuonyesha kidonda chake, dawa haiwezi kutibu kisichoonyeshwa. Mungu anakijua kidonda, ndiyo. Lakini wewe ndiye umeshikilia kitasa cha mlango, na yeye havunji milango.

Usichanganye na kusahau. Ukisahau kwa kweli, ukatoka kwenye kiti cha maungamo na kukumbuka njiani, usipate hofu: dhambi hiyo imeondolewa pamoja na nyingine, nawe utaitaja ungamo lijalo. Wala usianze kuona dhambi ya mauti kila kona. Ili dhambi iwe ya mauti ni lazima jambo lenyewe liwe zito, uwe unajua ni zito, na uwe umekubali kwa hiari yako (namba 1857). Wapo vijana wema wanaoteseka usiku kucha kwa mawazo yaliyowapitia tu kichwani. Kwa hao namwambia kila mmoja: mwachie padre apime, usijipime mwenyewe saa nane za usiku.

Lakini wewe unayeijua D yako, unajua kabisa kwamba siongelei mawazo yaliyokupitia.

Najua kinachokuzuia. Padre anaijua sauti yako, maana unaimba besi kwaya kuu. Mama yako ni mwenyekiti wa jumuiya, na paroko anakula chai kwenu. Hofu hiyo naiheshimu, ni ya kibinadamu. Basi tumia haki uliyopewa: kanuni 991 ya Sheria za Kanisa inampa kila mwamini uhuru wa kuungama kwa padre amtakaye, ilimradi awe ameruhusiwa kuungamisha. Panda daladala, nenda parokia ya mbali. Nenda siku ya hija, nenda kwa watawa. Hakuna atakayekuuliza mbona hukuungama kwenu. Na popote utakapokwenda, siri ya maungamo haivunjwi. Kanuni 983 inamkataza padre kumsaliti aliyeungama kwa maneno au kwa njia nyingine yoyote ile, kwa sababu yoyote. Hata kukuangalia kwa jicho la kukukumbusha hawezi. Mimi fundi ningeweza kufungua D yako nikaenda kusimulia kijiweni. Usiniamini mimi sana. Padre mwamini.

Kuna kizuizi kingine ambacho vijana hawakisemi waziwazi. Wanaogopa kwamba Mungu akipewa mashine yote ataifuta yote. Atachukua marafiki, muziki, mchumba, ndoto ya biashara, na kumwacha mtu mkavu, wa kukaa benchi la mbele na rozari. Sasa nikwambie jinsi fundi mwenye akili anavyofanya: kabla ya kugusa chochote anatoa nakala ya vitu vyote vizuri. Ile ripoti ya dada wa mwaka wa tatu ndiyo ilikuwa ya kwanza kutolewa, ikawekwa kwenye diski ya nje, tukaifungua kuhakikisha inasomeka, ndipo kazi ikaanza. Papa Benedikto XVI katika Misa ya kuanza utume wake, tarehe 24 Aprili 2005, aliwageukia vijana na kuwaambia wasimwogope Kristo, kwa kuwa haondoi chochote kinachoyafanya maisha yetu yawe huru, mazuri na makubwa, bali hutoa vyote. Kipaji chako cha kuchekesha watu hakiendi popote. Kitaacha tu kuwachekesha watu kwa kumuumiza mtu.

Mtakatifu Agostino anaijua hofu hii kuliko sisi. Kwenye kitabu chake cha Maungamo anasimulia jinsi ujanani alivyokuwa akimwomba Mungu usafi wa moyo huku ndani anaogopa asije akajibiwa mapema. Sala yenye D, hiyo. Alizunguka miaka mingi mpaka alipobatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387.

Sehemu ya kusakinisha yenyewe sina mengi ya kusema, vijana mnaijua. Flashi ya GB 8, programu ya Rufus ya kuiandaa, unazima mashine, unawasha huku unabofya F9 kwenye HP au F12 kwenye Dell na Lenovo, unachagua flashi, unafuata maelekezo. Hakikisha tu umechomeka chaji, na unapofika kwenye kuchagua diski usiwe na haraka. Kitubio chenyewe pia ni kifupi namna hiyo. Miaka sita inaondolewa kwa maneno ya padre yasiyozidi dakika moja. Wengi hulia kwa sababu ya ufupi wake.

Ila mashine iliyotoka kupigwa Windows sasa hivi, umeshaitazama vizuri? Ni nyepesi, ni safi, na haina kitu. Mara nyingine hata sauti haitoi mpaka uiwekee draiva, mtandao haishiki. Na huo ndio muda wa hatari kuliko wote. Kwa sababu mwenye mashine ana haraka: anataka filamu yake, anataka wimbo wake, anachukua flashi ileile iliyopita steshenari tatu, anachomeka. Nusu saa, na usafi wote umekwenda.

Hapo tumerudi kwa Mathayo, na jibu la swali letu. Yule mtu kosa lake halikuwa kufagia. Nyumba ilikuwa tupu. Alimtoa mpangaji mbaya na hakumwingiza mwenye nyumba. Ndugu yangu, ukitoka kitubioni Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi uwe kwenye Komunyo. Usiache hata wiki ipite. Saa ile ya usiku uliyokuwa unaitumia na simu peke yako gizani, iwekee kitu: fumbo moja la rozari, zaburi moja, hata kulala mapema. Simu ilale sebuleni. Na kama kuna mtu ambaye kila ukikutana naye mnaishia palepale, hiyo ndiyo flashi yenyewe. Watu wanaiita nafasi ya dhambi, na ukikusudia kuacha dhambi bila kukusudia kuacha nafasi yake, hujakusudia bado.

Mtazameni Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, mji uleule wa ubatizo wa Agostino, akafa kwa leukemia tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15. Huyu alikuwa mtu wa kompyuta kama sisi, wa enzi zile za Windows XP. Aliandaa tovuti ya kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Inasimuliwa kwamba michezo ya video aliipenda, akajiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki, na kwamba alikuwa akiungama kila wiki. Kila wiki! Mtoto wa miaka 14 anaungama nini kila wiki? Jibu ni kwamba hakusubiri mashine ikwame ndipo amtafute fundi. Misa ya kila siku ilikuwa imeshaijaza nyumba yake.

Na hapa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Windows nyingi tunazopiga mtaani ni za wizi. Mtu anashusha mfumo, halafu anatafuta programu ya kuufungua bila kulipa, na programu hiyo jambo la kwanza inalokuomba ni uzime antivairasi. Fikiria hilo. Nyumba imefagiliwa saa hiihii, na mlango wa kwanza unafunguliwa kwa mgeni anayekuomba umfunge mlinzi kamba. Halafu tunashangaa wale saba. Amri ya saba haina kifungu cha wanafunzi wasio na hela. Mimi siku hizi ninayeletewa mashine yake asiyeweza kulipia leseni namwekea Linux Mint au Ubuntu, basi. Ubuntu ilianzishwa na mtu wa Afrika Kusini, ikatoka mara ya kwanza Oktoba 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Wanalalamika siku mbili kwamba vitufe vimehama, siku ya tatu wamezoea.

Niliahidi pia kusema habari ya wale wanaopiga Windows kila wiki. Mashine inakwama, unapiga, inakwama, unapiga. Fundi mzuri anafika mahali anaweka sikio kwenye diski. Kama inagonga, kama inatoa mlio, tatizo siyo mfumo tena. Diski yenyewe inaumwa. Wapo vijana wanaoungama vizuri kabisa, hawafichi chochote, na bado wanarudi kwenye jambo lilelile kila baada ya siku chache, au wana huzuni isiyoondoka hata baada ya Komunyo. Kwa hao kuna uwezekano kwamba panahitajika msaada mwingine pamoja na sakramenti: daktari, mshauri wa saikolojia, kikundi cha wanaopambana na uraibu. Kumwona daktari siyo kukosa imani. Kanisa lenyewe linakiri, kwenye Katekisimu namba 1735, kwamba mazoea, hofu na hali za kisaikolojia zinaweza kupunguza uzito wa lawama. Mwambie padre wako hivyohivyo, na umwambie na daktari. Endelea kuungama, usiache, lakini usilipigie Windows jambo linalotaka kutibiwa.

Mnaniuliza yule kijana wa D alifanyaje. Alipanda basi kwenda mji mwingine, akaungama kwa padre asiyemjua. Hakunieleza aliungama nini na sitaki kujua. Aliniambia tu kwamba alikuwa ameandaa hotuba ndefu, na alipofika akaisahau yote.

Basi nawe usiandae hotuba. Kama ni miaka mingi, au kama kuna jambo uliloliruka, piga magoti, fanya ishara ya msalaba, useme hivi: "Padre, kuna dhambi nimekuwa nikiificha kwenye maungamo yangu tangu mwaka fulani, naogopa kuitaja. Naomba unisaidie." Kuanzia hapo yeye ndiye atakayeuliza na wewe utajibu ndiyo au hapana. Maparokia mengi huungamisha Jumamosi jioni. Uliza ofisini muda wao, au mfuate padre baada ya Misa ya asubuhi, umwombe dakika kumi.